Japani na Kilimanjaro: nini hubaki mradi ukiisha?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Namaliza shahada ya kwanza hapa Moshi. Kila semina tunayohudhuria tunaambiwa Tanzania na Japani zina uhusiano wa zaidi ya nusu karne. Babu yangu ana majaruba mawili Mabogini, na yeye simulizi lake ni fupi: Wajapani walikuja, wakachimba mifereji, wakaondoka, maji yakapungua. Nani nimwamini? Uhusiano wa kiuchumi na kisayansi kati ya nchi mbili hukuaje hasa, na sisi wa huku Kaskazini tumeambulia nini? Nauliza pia kwa sababu nataka utafiti wangu uwe juu ya jambo hili.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kuhusu maji, babu yako hajakosea. Kuhusu kuondoka, hapo mimi na yeye tunatofautiana. Waliokuja na matingatinga waliondoka kweli mwaka 1987, mifereji ilipokamilika. Ila kazi waliyoiacha ilizaa matatizo, matatizo yakaleta utafiti, na utafiti ukafungua shughuli nyingine ambazo mwanzoni hakuna aliyezipanga. Kwa maoni yangu hivyo ndivyo nchi mbili zinavyozoeana kwa muda mrefu: kazi moja inaacha swali ambalo hakuna upande unaoweza kulijibu peke yake, basi inabidi mwonane tena. Mikataba na hotuba huja nyuma, kugonga muhuri kitu ambacho tayari kinatembea.

Upande wa kidiplomasia nitaupita haraka, maana huo ndio mliokwisha kuusikia semina nzima. Japani ilitutambua tulipopata uhuru mwaka 1961, ikafungua ubalozi Dar es Salaam mwaka 1966, na mwaka uliofuata vijana wake wa kujitolea wakaanza kuja. Watu wa rika langu tunakumbuka zaidi redio na betri za National, zilizotengenezwa Dar es Salaam na kampuni ya Matsushita, kuliko jina la balozi yeyote.

Kilimanjaro tuliingia kwenye habari hii kwa uamuzi wa kiofisi tu. Baada ya Madaraka Mikoani ya mwaka 1972 kila mkoa ulitakiwa uwe na mpango wake wa maendeleo, na Serikali ikawagawia wafadhili mikoa. Tanga ikaenda kwa Wajerumani wa Magharibi, Mtwara na Lindi kwa Wafini, Arusha kwa Wamarekani, Kilimanjaro kwa Wajapani. Wataalamu wa shirika lao la misaada, JICA, ambalo lenyewe lilikuwa limeanzishwa mwaka 1974, wakazunguka mkoa wakiandika mpango, na mpango ukatoka mwaka 1977. Ulikuwa na mambo mengi ndani yake, lakini lililoota mizizi ni mpunga wa tambarare ya kusini mwa mji.

Kwanza wakaweka kituo cha majaribio pale Chekereni. Halafu, kwa mkopo wa yeni, kuanzia mwaka 1984 ukajengwa mradi wa Lower Moshi: mabanio kwenye mito Rau na Njoro, mifereji ya saruji, barabara za mashambani, na mashamba kama hekta 2,300, ambapo hekta 1,100 zilitengwa kwa mpunga. Mabogini, Rau ya Kati, Chekereni na Oria ndipo palipoguswa zaidi. Baadaye Same nao wakapata mradi wa Ndungu, hekta 680, na ndiyo maana leo sokoni utaulizwa unataka mchele wa Kahe, yaani wa tambarare yetu hii, au wa Ndungu.

Sasa tazama jaruba la babu yako. Kama ni la mradi, ukilipima utakuta mita 30 kwa mita 100. Hicho ndicho kipimo cha kawaida cha jaruba lililopangwa upya huko Japani. Walikichukua kilivyo wakakilaza Mabogini. Ndani yake udongo unasawazishwa mpaka maji yakae kina kimoja kila kona, kwa sababu pakiwa na kichuguu magugu yanaota, na pakiwa na shimo miche inazama. Mbegu nayo inachaguliwa kwa maji ya chumvi. Unakoroga chumvi kwenye ndoo, unatumbukiza yai bichi. Likizama unaongeza chumvi, likielea maji yako tayari, unamimina mbegu. Punje zilizojaa zinakwenda chini, mapepe yanabaki juu unayaengua, kisha unasuuza mbegu kwa maji safi kabla chumvi haijaiharibu. Miche ikitoka kitaluni inapandikizwa kwa kamba yenye vifundo, mstari kwa mstari, ili kipalizi cha kusukuma kwa mkono kipite katikati. Mbegu ya wakati ule ilikuwa IR54, iliyotoka taasisi ya utafiti wa mpunga ya Ufilipino. Mavuno yakapanda kutoka kama tani mbili kwa hekta hadi zaidi ya tani sita. Tani sita kwa hekta ni kama kilo 2,400 kwa ekari. Hata leo wapo wakulima wengi nchini hawajaigusa hesabu hiyo.

Na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Mpunga ulilipa, na jirani ana macho. Watu wa juu ya mabanio, ambao mito ileile inapita kwao kabla ya kufika kwenye mradi, waliona, na wengine walishuka kufanya vibarua vya kupandikiza. Walirudi kwao na ujuzi kamili bila kukaa darasani hata siku moja. Wakafungua majaruba yao, wakachepusha maji. Kwa nini wasifanye? Mto umepita mlangoni kwao tangu enzi za mababu, na mifereji ya asili ya Wachaga ina umri mkubwa kuliko mradi wowote. Miaka michache tu baada ya uzinduzi, maji yaliyofika chini hayakutosha tena. Msimu ukawa wa zamu, zamu zikawa za ugomvi, na sehemu kubwa ya zile hekta 1,100 ikawa inalala bila mpunga misimu mingi. Muulize babu kuhusu kukesha kwenye banio na tochi. Sidhani kama atahitaji kukumbushwa.

Mimi huona kosa la michoro ile lilikuwa moja: walipima mto, hawakuwapima majirani. Japani kijiji kinachogawana mfereji kina kanuni za mamia ya miaka, nani anafungua lini, nani anasafisha wapi, na mhandisi wa huko anazikuta kanuni hizo zimekwisha kukaa. Hapa mradi uliwaunganisha wa chini kwenye chama chao, CHAWAMPU, ukawaacha wa juu nje ya kikao. Ofisi ya Maji ya Bonde la Pangani ilianzishwa mwaka 1991, mifereji ikiwa tayari na ugomvi umeiva, na sheria ya kuzipa nguvu jumuiya za watumia maji tuliyonayo sasa ni ya mwaka 2009. Halafu kuna jambo ambalo watu wa Moshi hawapendi kulisikia: maji hayo yakitupita yanaingia Nyumba ya Mungu, yanashuka kuzungusha mitambo ya umeme ya Hale na Pangani. Mtambo mpya wa Pangani, megawati 68, ulijengwa miaka ya 1990 kwa fedha za nchi za Nordiki. Kwa hiyo juu kuna Mjapani aliyekopesha fedha za mpunga, chini kuna Mnordiki aliyetoa fedha za umeme, na tone la maji ni lilelile. Huwezi kuwalaumu kila mmoja kwa kutomwona mwenzake. Aliyekuwa na wajibu wa kuwaona wote wawili ni sisi.

Basi, uhusiano ungeweza kufia pale, na ingekuwa halali babu yako kusimulia anavyosimulia. Haukufa, na sababu yake inavutia. Kituo cha Chekereni kilikuwa kimekusanya mafundi wa kilimo wa Kitanzania waliozoea mashamba yale kuliko wageni. Mwaka 1994 kikageuzwa kuwa chuo cha mafunzo, KATC, na kazi ikabadilika: badala ya kujenga banio jingine, wafundishwe wakulima wa skimu nyingine nchi nzima. Mwaka 2007 ukaanza mradi wa TANRICE, uliochukua mafunzo ya Chekereni na kuyapeleka kupitia vyuo vya kilimo vya Serikali, Ilonga, Igurusi na vinginevyo. Mwaka uliofuata, kwenye TICAD, mkutano wa Japani na nchi za Afrika kuhusu maendeleo, uliofanyika Yokohama, nchi za Afrika na wadau wao wakatangaza azma ya kuongeza maradufu mpunga wa Afrika kusini mwa Sahara, kutoka tani milioni 14 hadi milioni 28 ndani ya miaka kumi. Sisemi azma ile ilitoka Mabogini. Nasema Japani ilipokaa kwenye meza ile ilikuwa na watu waliokwisha kutembea kwenye matope ya Mabogini, wanaojua yai linavyoelea na maji yanavyoibwa.

Kama mwanafunzi utataka ushahidi, si hadithi. Upo. Wachumi wa Kijapani na wenzao waliwafuatilia wakulima wa skimu ya Ilonga, Kilosa, kwa miaka kadhaa, wakachapisha matokeo mwaka 2018. Wakulima wachache waliofundishwa chuoni walipanda kutoka tani 3.1 hadi tani 5.3 kwa hekta. Wale wa kawaida, ambao hawakufundishwa na mtaalamu yeyote bali waliona na kuelezwa na wenzao, nao walipanda, ingawa kwa kuchelewa, kutoka tani 2.6 hadi 3.7. Ni jambo lilelile lililotokea juu ya mabanio ya Rau, safari hii likiwa na vipimo. Pale Moshi liliitwa wizi wa maji, kule Kilosa likaitwa usambazaji wa teknolojia.

Nimekaa sana kwenye mpunga. Sasa nikupeleke Arusha, kwa njia ambayo pengine hukuitarajia, yaani kwa mbu.

Majaruba yenye maji yaliyotulia ni mazalia ya Anopheles arabiensis, mbu wa malaria wa ukanda wetu. Kila aliyewahi kulala Mabogini msimu wa kupandikiza anajua. Ungetegemea basi malaria iwe imewamaliza watu wa mpunga. Mwaka 2002 watafiti wa Kitanzania na wenzao wa Uingereza walichapisha kazi zilizolinganisha, katika tambarare hii hii, kijiji cha mpunga na vijiji vya miwa na vya nyika. Kwenye mpunga mbu walikuwa wengi zaidi, ila waliobeba vimelea walikuwa wachache mno, na hatari ya kuambukizwa ikawa ndogo kuliko kijiji cha nyika. Maelezo yao: mpunga ulileta fedha, fedha zikaleta neti na dawa, na mbu wa aina hiyo hupenda pia damu ya ng'ombe. Si jambo la kulitangaza kila mahali kama kanuni, lakini ni la kweli kwa mahali hapa, na liliwafanya wanasayansi wa mbu waipende tambarare ya Moshi.

Wakati huohuo, Japani, kampuni ya Sumitomo Chemical ilikuwa na uzi wa plastiki uliobuniwa kwanza kwa ajili ya nyavu za madirisha ya viwanda. Dawa inachanganywa ndani ya plastiki kabla haijavutwa kuwa uzi, kisha inajipenyeza kidogo kidogo kuja juu kwa miaka. Utakuwa ulikuwa mtoto mdogo, lakini mama yako anakumbuka vipakiti vya Ngao, tulivyokuwa tukimimina kwenye beseni na kuchovya neti kila baada ya muda. Wengi tulisahau, neti ikabaki pazia. Neti ya Sumitomo, Olyset, haikuhitaji kuchovywa. Shirika la Afya Duniani liliipitisha mwaka 2001, ikiwa ya kwanza ya aina yake, na ikatafutwa kampuni ya Kiafrika ya kuitengeneza. Ikapatikana Arusha: A to Z, kiwanda cha nguo cha familia kilichokuwapo tangu miaka ya 1960. Sumitomo wakatoa leseni bila kudai mrabaha, neti za kwanza zikatoka mwaka 2003, na mwaka 2007 kampuni hizo mbili zikaunda kampuni ya ubia, nusu kwa nusu. Katika kilele chake shughuli hiyo iliajiri maelfu ya watu, wengi wao wanawake, na uwezo wa kiwanda ulifikia karibu neti milioni 30 kwa mwaka. Februari 2008 Rais George W. Bush alikitembelea, na picha zikaenda duniani kama sifa ya Marekani. Uzi ulikuwa wa Kijapani na mikono ya Arusha, lakini ndivyo kamera zilivyo.

Hapa nataka uwe makini, maana ndipo uchumi na sayansi vinapokutana vizuri kuliko mahali pengine popote ninapopajua. Kiwanda kinauza kwa zabuni za mashirika ya kimataifa. Zabuni inadai neti iliyothibitishwa. Uthibitisho unahitaji mbu wa porini, si wa kufugwa maabara tu. Na mbu wa porini wako kwenye majaruba. Kwa hiyo wanasayansi wa chuo kikuu cha tiba cha KCMC pamoja na wenzao wa nje wakawa na vibanda vya majaribio huko huko Mabogini. Mtu analala kibandani chini ya neti ambayo imetobolewa makusudi, matundu sita ya sentimita nne kwa nne, kuigiza neti iliyochakaa. Asubuhi mapema mbu wanakusanywa mmoja mmoja, wazima na wafu, walioshiba na wenye njaa, waliokuwa ndani na waliokimbilia dirishani, kisha wanahesabiwa. Hesabu hiyo ndiyo inayoamua neti ya kampuni gani itanunuliwa kwa mamilioni.

Mbu nao hawakukaa kimya. Dawa za jamii ya pareto walizizoea. Sumitomo wakaongeza kiambato kinachoitwa PBO, ambacho kinamnyang'anya mbu uwezo wa kuivunja dawa mwilini mwake, wakaiita neti hiyo Olyset Plus. Ilipelekwa Muleba, mkoani Kagera, kwenye jaribio kubwa la vijijini lililoendeshwa na NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba), chuo cha KCMC na London School of Hygiene and Tropical Medicine. Matokeo yakachapishwa mwaka 2018: ikilinganishwa na neti ya kawaida, malaria kwa watoto ilipungua kwa asilimia 44 mwaka wa kwanza na asilimia 33 wa pili. Hata kabla ya kuchapishwa, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshabadili ushauri wake juu ya neti za aina hiyo mwaka 2017, kwa nguvu ya ushahidi wa Muleba.

Halafu likaja jaribio la pili, Misungwi mkoani Mwanza, lililochapishwa mwaka 2022, na hilo mimi nalithamini zaidi. Safari hii Olyset Plus ilishindanishwa na neti nyingine mpya, ikiwamo ya kampuni ya BASF ya Ujerumani. Mwaka wa kwanza ilifanya vizuri. Kufikia miezi 24 nguvu yake ilikuwa imekwisha kwa sehemu kubwa, wakati kati ya watoto waliolala chini ya neti ya Kijerumani walioonekana na malaria walikuwa kama 26 katika kila 100, dhidi ya 46 kwa neti ya kawaida. Watafiti wetu wakaandika hivyohivyo, bila kuficha. Kama uhusiano ungekuwa wa kupokea na kushukuru, matokeo yale yangewekwa kabatini. Yalitangazwa kwa sababu upande wetu ulikuwa na vibanda, mbu, takwimu na watu wenye shahada za kuzitetea. Ukiniuliza sisi wa Kaskazini tumeambulia nini, hilo nitalitaja kabla ya mifereji: uwezo wa kumwambia rafiki kwamba bidhaa yake haidumu, na yeye akarudi maabara.

Kahawa nitaigusa, kwa kuwa usiposikia kahawa kwenye jibu la mtu wa Moshi utadhani mgonjwa. Japani ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa kahawa yetu, na huko "Kilimanjaro" ni jina la rafuni kama ilivyo chai ya Ceylon kwetu. Wana kanuni za biashara zinazosema jina hilo ni la arabika ya Tanzania isipokuwa ya Bukoba, na kwamba kahawa ya mchanganyiko ikitaka kubeba jina, angalau asilimia 30 iwe imetoka huko. Maana yake ni kwamba kahawa ya Mbinga na ya Mbozi inanywewa Tokyo kama Kilimanjaro. Mbozi hawalalamiki, bei inawafaa. Sisi wa mlimani, ambao mibuni yetu imezeeka na vijana wamehamia kwenye maparachichi na maziwa, tumebaki na jina linalouza kahawa ya watu wengine. Lyamungu, kwenye kituo cha utafiti wa kahawa, kuna miche bora isiyoshikwa na chulebuni wala kutu ya majani. Kinachokosekana ni mtu wa kuipanda kwenye kihamba cha robo ekari na kuamini kwamba ile asilimia 30 itamfikia.

Magari sina haja ya kukueleza, panda kifodi chochote hapo stendi. Tunanunua kutoka kwao mashine, tunawauzia mazao, na mizani hiyo haijageuka kwa miaka mingi. Semina zenu zikisema "ushirikiano wa kiuchumi" bila kutaja hilo, zinawabembeleza. Upande wa sayansi hali ni nzuri zaidi: watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto wamekuwa Mahale, Kigoma, wakiwafuatilia sokwe tangu mwaka 1965, miaka 20 kabla eneo lile halijawa hifadhi ya taifa, na Kyoto hao hao walifanya kazi miaka mingi na SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro. Umeona zinavyofanana na habari ya Chekereni? Mahali pamoja, muda mrefu, watu wanaorudi.

Tofauti ninayoilalamikia ni kwamba mara nyingi anayerudi na swali jipya ni wao. Sisi huwa tunasubiri mradi uandikwe. Kwenye neti tulivuka hapo, kwenye mpunga tulivuka nusu, kwenye kahawa bado.

Kuhusu utafiti wako. Ukitaka kwenda kusoma huko, kuna ufadhili wa Serikali ya Japani unaopitia ubalozini, na kuna mpango wa ABE uliotangazwa mwaka 2013, unaounganisha shahada ya uzamili na mafunzo kazini kwenye kampuni za Kijapani. Kwa mtu anayewaza biashara, huo wa pili unafaa zaidi. Ila usiende na mada ya "mchango wa Japani katika maendeleo ya Tanzania". Umeshaandikwa mara nyingi na hausomwi.

Ningekuwa wewe ningeandika juu ya wale wa juu ya mabanio. Ni watu ambao ripoti nyingi zinawataja kwa mstari mmoja, kama kero. Nani alianza, alijifunza kwa nani, alikuwa kibarua wa shamba la nani huko chini, mbegu ya kwanza aliipata wapi, leo analima mbegu ya Saro 5 au nini, anavuna kiasi gani kwa ekari kulinganisha na babu yako mwenye mfereji wa saruji? Inawezekana kabisa mpunga uliongezeka kwa ujumla ingawa mradi wenyewe ulinywea, na kama ni hivyo basi hesabu ya faida ya mkopo ule wa yeni imekuwa ikifanywa ndani ya mipaka isiyo sahihi. Inawezekana pia sivyo. Utahitaji orodha ya vibali vya maji vya Rau na Njoro. Ofisi ya Bonde la Pangani iko hapo hapo Moshi, nenda na barua ya chuo. Na ukipanda huko juu, usitangulize kusema wewe ni mjukuu wa mtu wa Mabogini. Kunywa chai kwanza.